Mbwa wangu ghafla anaogopa kuingia jikoni, shida nini?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina mbwa jike wa miaka 8, nimemlea tangu mdogo. Siku zote ni kivuli changu: nikienda jikoni yupo, nikikata nyama ndiyo usiseme. Sasa wiki ya pili haingii. Anafika mlangoni anasimama, mguu wa mbele kauinua, masikio kayalaza nyuma, analambalamba pua. Nikimwita anafyata mkia na kwenda kujikunyata chini ya meza ya sebuleni. Hakuna aliyempiga. Jana nimemshika ukosi nimvute kidogo, akanionesha meno. Mimi! Nimelala na kinyongo.

Kijiti: Usimvute tena mkuu, atakung'ata. Chanjo ya kichaa cha mbwa vipi? Tabia ikibadilika ghafla, hilo huulizwa mapema.

Mwenye uzi: Chanjo ipo, haijapita muda. Anakula na kunywa kama kawaida.

Bundi: Sikiliza vizuri humo ndani. Wangu alihama chumba kisa king'ora cha moshi, betri inaisha kinatoa kamlio kafupi kila baada ya muda. Masikio yetu mwisho hertz 20,000 hivi (kipimo cha wembamba wa sauti), mbwa anavuka 40,000, anasikia usichosikia wewe. Zima vifaa kimoja kimoja, friji mpaka chaja.

Mzee wa Kamba: Mnamdekeza tu. Ukimbembeleza unamfundisha woga.

Mganga wa Ng'ombe: Hapana mzee wangu, woga haufundishwi kwa kubembelezwa. Unaongezwa kwa kukaripiwa. Mwenye uzi, sakafu ya jikoni ikoje? Na akitoka kulala anainukaje?

Mwenye uzi: Vigae, vinateleza. Kuinuka... duh, umenikumbusha. Anatanguliza miguu ya mbele, ya nyuma inachelewa, hatua za kwanza kama kikongwe. Nikajua uvivu. Halafu kuna siku aliteleza pale kwenye sinki, nikacheka.

Mganga wa Ng'ombe: Anza hapo. Mbwa hajui kusema nyonga inauma. Anachojua ni kwamba jikoni panauma. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umrekodi video akiinuka asubuhi, maana wengi wakifika kliniki hujikaza. Dawa zenu za maumivu msimpe, ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Kwa sasa tandika zulia lisiloteleza, punguza kucha, weka kipande cha nyama kizingitini, kesho hatua moja ndani. Aingie mwenyewe.

Mwenye uzi: MREJESHO. Daktari alinyoosha miguu ya nyuma mmoja mmoja. Wa kushoto, kimya. Wa kulia, aligeuza kichwa akautazama mkono wa daktari, basi, hakulia wala kubweka. Picha imeonesha baridi yabisi ya nyonga. Dawa kaanza, zulia nimetandika. Leo kafika hadi kwenye friji. Kwenye sinki bado hataki.