Kumtambua mzee aliye hatarini kuanguka

Swali

Assalaam aleikum jamaa. Wazee wetu wako Unguja na Pemba, sisi tuko huku. Tutajuaje kama mzee anakaribia kuanguka? "Sijambo, mwanangu" ya kwenye simu haitoshi.

Jibu

Waaleikumu salaam. Anzeni na maswali matatu: katika mwaka mmoja uliopita ameanguka, hata bila kuumia? Akisimama au akitembea huyumba? Anaogopa kuanguka? Muulizeni na anayeishi naye, maana wazee wengi huficha wasije wakakatazwa kutoka.

Kisha mpimeni kwa video. Tafuteni kiti imara, choreni mstari mita 3 mbele yake. Avae viatu vyake vya kila siku, na bakora achukue kama ndiyo mazoea yake. Mkisema "haya", ainuke, aende kwa mwendo wake mpaka mstarini, ageuke, arudi akae. Tangu "haya" mpaka kukaa ikifika sekunde 12, yumo hatarini. Awepo mtu wa kutembea ubavuni mwake bila kumshika, na simu ashike mwingine, kwa sababu mwenye simu mkononi hawezi kudaka mtu. Mimi hutazama zaidi kule kugeuka: vihatua vingi vidogo au mkono kutafuta ukuta ni dalili mbaya hata saa ikiwa nzuri.

Presha nayo. Alale dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika 1 na tena baada ya 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, apelekwe kwa daktari pamoja na vidonge vyake vyote, hasa vya presha, vya mkojo na vya usingizi. Msimwachishe wenyewe. Wengi hupimwa wamekaa tu. Presha inaonekana nzuri, na kisunzi cha alfajiri hakijulikani kimetoka wapi.

Jibu

Ahsante, lakini vipimo hivyo havioni choo. Mzee anayeinua mguu kwenye beseni kutia udhu amesimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji. Awekewe kiti kizito chenye mipira miguuni na bomba la chini, atie udhu amekaa. Chuma cha kushikia kifungwe kwenye jiwe, si kwenye lipu: kuta za zamani za mawe na chokaa hutema skrubu fupi. Kabla mzee hajakigusa, fundi mwenyewe akining'inie.

Vizingiti na kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe. Ndara zilizolika zitupwe. Umeme hukatika, basi taa ya kuchaji ikae pale mkono unapofika kutoka kitandani.

Jibu

Naongeza la Ramadhani. Mwenye sukari anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) aonane na daktari kabla ya mwezi kuingia, dozi zipangwe upya. Akitetemeka au akiyumba alasiri, apimwe hapo hapo. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (yaani 70 kwa mashine ya mg/dL), afungue, asingoje magharibi.