Mikoa inayolisha nchi ndo inaongoza kwa udumavu. Huu mkataba wa lishe unambana nani hasa?

Mkulima wa Makambako

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tujadili hili bila uchama maana kila likiguswa linageuka CCM na upinzani, watoto wanasahaulika.

Ripoti ya TDHS ya 2022 (ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu) watu wengi waliipita juu juu. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto chini ya miaka 5: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Wastani wa taifa 30. Yaani hapa kwetu ambako mahindi yanakaa ghalani mpaka yanapigwa na dumuzi, viazi tunapakia malori usiku kucha, maharage, maziwa, parachichi za kwenda Ulaya, mtoto mmoja kati ya wawili kadumaa. Dar ambako watu wananunua mpaka mchicha wako chini kabisa ya wastani wa taifa. Kwahiyo ile hoja ya "tuongeze uzalishaji" naomba iishie mlangoni.

Sasa kinachoniuma zaidi ni huku. Iringa 2015/16 ilikuwa kama asilimia 42. 2018 ikawa 47. 2022 ikapiga 57. Inapanda! Na katikati hapo, Desemba 2017, wakuu wa mikoa wote walisaini mkataba wa lishe mbele ya Mama Samia akiwa Makamu wa Rais. 2022 wakasaini tena Dodoma, safari hii mbele yake akiwa Rais, mkataba wa mpaka 2030. Tuna mpango jumuishi wa taifa wa lishe wa kwanza, tuna wa pili, tuna kamati za lishe kuanzia mkoa mpaka kijiji, tuna agizo kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka 5 kutoka mapato ya ndani. Wafadhili walikuwepo, mradi wa Lishe Endelevu wa hela za Wamarekani ulikuwa Iringa na Rukwa hiyohiyo. Haikukosekana karatasi hata moja.

Mimi nilichokuja kugundua baada ya kusoma yale mambo ni kwamba mkataba unapima vitu ambavyo mkurugenzi anaweza kuvitimiza bila mtoto yeyote kurefuka. Hela imetolewa asilimia ngapi, kamati ya lishe imekaa vikao vingapi, vijiji vingapi vimefanya SALIKI (siku ya afya na lishe ya kijiji), matone ya vitamini A yamefika asilimia ngapi. Halmashauri inaweza kuwa kijani tupu kwenye kadi alama (lile jedwali la rangi la kupima utendaji) na watoto wakazidi kudumaa. Kimo chenyewe kinapimwa kwenye utafiti wa kitaifa, baada ya miaka kadhaa, na namba inatoka ya mkoa mzima, haisemi Mufindi wala Kilolo wala kata gani. Mpaka ripoti inatoka RC aliyesaini kashahamishwa mara mbili. Utamuuliza nani?

Na msiniambie haiwezekani, ilishafanyika na ilifanyika Iringa hiyohiyo. 1983 serikali na UNICEF na WHO, kwa hela za Italia, walianza mpango wa lishe kwenye vijiji 168. Watoto wanapimwa kijijini mara kwa mara, majibu yanasomwa mbele ya wanakijiji wenyewe, halafu kijiji kinaamua kifanye nini, kama ni sehemu ya kulea na kulisha watoto wakati mama wako shamba, kama ni nini. Utapiamlo mkali ukashuka vibaya mno. Ule mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF wameusambaza dunia nzima tangu 1990 mizizi yake iko huko. Dunia nzima inajifunza kwa Iringa, Iringa yenyewe ndo ya mwisho darasani. Hii nchi bana.

Hoja yangu: kimo cha mtoto kiingie kwenye mkataba, kipimwe mpaka ngazi ya kata kila mwaka, kibandikwe ofisi ya kijiji watu wasome, na DC na mkurugenzi wahukumiwe kwa hicho. Nani anapinga?

Ulanzi Mtamu

Mimi napinga mkuu. Kwanza sisi huku ni wafupi kwa asili, baba yangu mfupi babu mfupi, sasa mnatupima na rula ya Wazungu mnasema tumedumaa. Pili serikali haiwezi kuja kukupikia nyumbani. Nenda kijijini msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi) saa 4 asubuhi uone baba yuko wapi na mama yuko wapi, mtoto kaachiwa kiporo cha ugali na dada yake wa miaka 7. Mayai yapo yanapelekwa mnadani, maziwa yanauzwa yote. Mkataba wa RC utaingiaje hapo? Tuache kila kitu kuisingizia serikali.

Dozi Kamili

Hiyo ya ufupi wa asili ilishajibiwa kitambo. Rula unayosema ya Wazungu WHO waliitoa 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mtoto wa Accra na wa Muscat na wa Oslo wakipata chakula sawa, wakanyonyeshwa na wasipougua ovyo, miaka 5 ya mwanzo wanakua karibu sawasawa. Tofauti za ukoo zipo ila haziwezi kufanya nusu ya mkoa iwe chini ya mstari. Baba yako mfupi na babu mfupi, inawezekana kabisa wote walidumaa.

Ila hapo kwenye ulanzi sikupingi, ni kweli na wote tunajua.

Mama wa Mufindi

Naomba niseme mimi ambaye nimelea huku maana naona wanaume wanajadiliana. Watu wanasema mama hajui lishe, mama anajua, tumefundishwa makundi ya vyakula mpaka tumechoka, kliniki wanakuimbia na nyimbo. Shida ni saa. Msimu wa kupanda unaamka saa 10 alfajiri, shamba lenyewe ni mwendo wa saa nzima au zaidi, mtoto wa miezi 8 utambebea uji asubuhi ukifika saa 5 umeshachacha, ukirudi jioni kuni, maji, ndo upike. Mtoto wa umri huo anatakiwa ale mara 3 au 4 na vya kuongezea, na tumbo lake dogo, na ugali mweupe wa sembe ndo unamaliza nafasi yote. Na hela ya mahindi anaipokea baba. Huyo anayesema ulanzi, sawa, lakini pia kuna mama anaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya chai au ya misitu na mtoto mchanga mgongoni kwa sababu hakuna pa kumuacha. Sasa nikuulize Mkulima, ukibandika urefu wa mwanangu ofisi ya kijiji mimi nitaaibika, halafu? Hiyo sehemu ya kulelea watoto unayosema ya zamani iko wapi? Anzeni na hiyo. Kupima baadae.

Lishe Kazini

Mimi ni afisa lishe, halmashauri siitaji na naomba mtu asijaribu kubahatisha. Nimecheka kidogo na kuumia kidogo.

Ile 1,000 kwa mtoto ni mapato ya ndani. Halmashauri yenye stendi kubwa na ushuru wa mazao inaiona, ile ya pembeni inaandika kwenye bajeti tu. Na hata ikitoka inatoka robo ya nne, Mei, Juni, kila mtu anakimbizana kuitumia kabla mwaka wa fedha haujafungwa, kwahiyo inaishia wapi? Mafunzo. Posho, chakula cha semina, mafuta ya gari. Kwenye taarifa inasomeka "imetumika asilimia 98", kijani. Nimefanya hivyo mwenyewe na nitafanya tena mwezi huo ukifika, ukirudisha hela mwakani unaambiwa huna uhitaji.

Halafu lishe kiofisi iko chini ya afya, ila anayeamua mashamba ya nini yalimwe ni kilimo, vyoo na maji ni wengine, shule wengine, maendeleo ya jamii wengine. Mimi nikiitisha kikao cha kamati wakuu wa idara wanamtuma msaidizi ambaye hawezi kuamua kitu. Kisheria sina mamlaka ya kumwambia bwana kilimo lolote.

Mfano mwingine mdogo. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga zipo tangu 2011. Viwanda vikubwa vya ngano vinafuata. Lakini huku nani anakula ngano? Watu wanasaga mahindi yao kwenye mashine ya mtaani, debe kwa debe, huyo mwenye mashine kirutubishi atanunua wapi na mashine ya kuchanganyia atatoa wapi. Kanuni imeandikwa kwa mlaji ambaye sio wa huku.

Na Mkulima, samahani, ule mpango wa 1983 walipima uzito. Uzito unarudi haraka ukimlisha mtoto, kimo hakirudi kirahisi, kinaharibika ndani ya zile siku 1,000 kuanzia tumboni. Usitegemee graf itashuka kama ile.

Jirani wa Kilifi

Wandugu wa Tanzania habari zenu. Sisi huku Kenya afya iko chini ya kaunti tangu 2013, gavana anachaguliwa, ukimchukia unampigia mwingine. Sasa angalia, utafiti wa 2022 nchi nzima waliodumaa ni asilimia 18, hongera kwetu, lakini Kilifi yetu hii asilimia 37, nambari moja mbaya Kenya nzima, mbele hata ya West Pokot. Pwani, samaki baharini, hoteli za Watamu na Malindi. Kura hazijasaidia kwa sababu udumavu hauonekani! Barabara mwananchi anaiona, bursary ya shule anaiona, mtoto mfupi kidogo anaonekana ni mtoto tu. MCA (diwani wa kaunti) hawezi kusimama kwa mkutano aseme "nimewaongezea sentimita mbili". Kwahivyo mimi naunga mkono namba ibandikwe, sio kwa aibu ya mama bali ili mwanasiasa apate kitu cha kuulizwa.

Kijiti cha Ughaibuni

Mnapigana wenyewe kwa wenyewe mnasahau wakubwa wa dunia. 2012 nchi zote zilikubaliana pale WHO kwamba ikifika 2025 watoto waliodumaa wasizidi milioni 100. Hesabu ya 2024 ni milioni 150. Wakafanya nini? Mei 2025 wakasogeza tarehe mpaka 2030, basi, hakuna aliyewajibika. Mikutano ya lishe ya dunia nayo: London 2013 ahadi, Tokyo 2021 ahadi, Paris Machi 2025 ahadi za zaidi ya dola bilioni 27, na Marekani iliyokuwa mfadhili mkubwa hata ahadi haikutoa, ilikuwa inaivunjavunja USAID, shirika lake la misaada, miezi hiyohiyo. Miradi ilikatwa katikati. Mkataba wa RC wenu na mikutano ya kina Paris ni ugonjwa uleule, unasaini, unapiga picha, ukishindwa unasaini kingine.

Mkulima wa Makambako

Kijiti umesema kweli, ila mimi sitaki kungoja Washington. 2024 Wamarekani walileta mchele na maharage yenye virutubishi kwa shule za Dodoma, Bashe akiwa Waziri wa Kilimo akasema wangenunua kwa wakulima wetu virutubishi vikaongezwe hapahapa. Mtandaoni watu wakashangilia. Nikasubiri nione bajeti ya sisi kuununua huo mchele wenyewe kwa hizo shule, mpaka leo chakula cha mwanafunzi ni mchango wa mzazi.

Mama wa Mufindi nakubali, sehemu ya kulea watoto msimu wa kilimo ndo iwe kitu cha kwanza kununuliwa na ile 1,000. Semina zisimame hata miaka miwili, tuone nani atakufa.

Kwa wanaosema haiwezekani kimo kikawa ajenda ya siasa, waangalie Peru. Uchaguzi wa 2006 wagombea walisainishwa ahadi ya kushusha udumavu kwa watoto chini ya miaka 5 pointi 5 ndani ya miaka 5. Wizara ya fedha yao, sio ya afya, ndo ikashika usukani, hela ikawa inafuata matokeo, mikoa ikileta ushahidi watoto wamehudumiwa inaongezewa. Kutoka kama asilimia 28 mwaka 2008 mpaka 13 mwaka 2016. Na wao wana milima na baridi kama Makete. Huku kwetu Wizara ya Fedha hata kwenye picha ya kusaini siioni.

Ulanzi Mtamu

Haya hiyo ya Peru nimeikubali nusu. Lakini baba asiyetoa hela ya mahindi nani atamsainisha?

Lishe Kazini

Swali langu ni jingine kabisa. Ukiweka kimo kwenye mkataba, anayeshika ule ubao wa kupimia ni mimi na WAJA wangu (wahudumu wa afya ngazi ya jamii). Anayehukumiwa ni mkurugenzi, ambaye ndo anajaza tathmini yangu ya kazi. Mtoto akisoma sentimita 78 na mstari uko 80, unadhani jioni kwenye mfumo itaingia ngapi?

Mkulima wa Makambako

Basi halmashauri isijipime. NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) na Taasisi ya Chakula na Lishe wachague kata kwa kushtukiza kila mwaka, waje na ubao wao, hela itoke Hazina moja kwa moja isipite kwa mkurugenzi. Ninyi mpime kwa ajili ya kumsaidia mama, hizo namba zenu zisimhukumu mtu.

Lishe Kazini

Hapo sawa. Sasa niambie ni mbunge gani wa huku kwetu atasimama bungeni kuomba mkoa wake ukapimwe.