Injini inazungushwa vizuri na stata lakini haiwaki: je, ni pampu ya mafuta?

Swali

Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Gari langu linatumia petroli, lina injini ya silinda nne yenye injekta, na kila plagi ina koili yake (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche). Kwa muda sasa limekuwa likizima ghafla baada ya kutembea mwendo mrefu, na likishapoa linawaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo. Safari hii limegoma kabisa: stata inazungusha injini kwa nguvu ileile ya siku zote, taa za dashibodi hazififii, lakini injini haishiki moto hata kidogo. Fundi aliyeliangalia alipima umeme unaokwenda kwenye pampu ya mafuta wakati wa kupiga stata, akakuta haufiki, akashauri tubadilishe pampu pamoja na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha). Kinachonitatiza ni kwamba nikifungua swichi bila kupiga stata, naisikia pampu ikivuma kwa takriban sekunde mbili, halafu inanyamaza. Je, pampu iliyokufa inaweza kuvuma? Na kama si pampu, nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu, usinunue pampu kwanza, kwa maana maelezo yako yenyewe yanaitetea. Katika magari mengi ya injekta, kompyuta ya injini huwasha pampu kwa sekunde chache tu swichi inapofunguliwa, ili bomba lijae presha, kisha huikatia umeme mpaka ipate taarifa kwamba krenki (shafti kuu ya injini, inayozungushwa na pistoni) inazunguka. Taarifa hiyo hutoka kwenye sensa ya krenki. Sensa ikinyamaza, kompyuta huamini kwamba injini imesimama hata kama stata inaizungusha, na kwa ajili ya usalama hairuhusu pampu kufanya kazi, haifungui injekta, wala haiamuru koili zitoe cheche. Kwa hiyo umeme kukosekana kwenye pampu wakati wa kupiga stata kunaweza kuwa matokeo tu, huku chanzo kikiwa mbali kabisa na tangi. Fundi wako alipima kwa usahihi. Alichokosea ni kuhitimisha mapema.

Kuzima kwa joto na kuwaka baada ya kupoa nako kunaelekea hukohuko, ingawa koili na hata pampu dhaifu huweza kuonyesha dalili hiyo pia. Tazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi unapopiga stata. Ukiinuka kidogo, sensa inatoa taarifa. Usipotikisika, ishuku, lakini usiihukumu bado, kwa sababu yapo magari ambayo mshale huo hauinuki wakati wa stata hata yakiwa mazima. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuunganisha mashine ya kusomea hitilafu na kutazama idadi ya mizunguko inayoonwa na kompyuta yenyewe. Injini inayozungushwa vizuri na stata huonyesha kiasi cha mizunguko 150 hadi 250 kwa dakika. Ukiona sifuri, umelipata eneo la tatizo. Angalia pia kama kuna kodi P0335 (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta), inayohusu saketi ya sensa hiyo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu pampu, lakini kuna mambo mawili ya kuondoa shaka kabla ya kufika kwenye sensa, kwa kuwa hayahitaji kifaa chochote.

La kwanza ni mfumo wa kuzuia wizi: taa yenye alama ya ufunguo au kufuli ikiendelea kumeta baada ya kufungua swichi, kompyuta haijautambua ufunguo, basi jaribu ufunguo wa akiba. La pili ni mkanda wa taimingi, unaotoa mzunguko kwenye krenki na kuupeleka kwenye kamshafti (shafti inayosukuma vali). Mkanda ukikatika, kamshafti husimama, vali hazifunguki na kufungwa kwa mpangilio, na stata huizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, bila ile sauti ya kupanda na kushuka inayoletwa na mgandamizo wa silinda. Ukisikia wepesi huo, acha kupiga stata mara moja, maana katika injini nyingi pistoni zitagonga vali na kuzipinda. Kwako sauti haijabadilika, kwa hiyo sidhani kama ni mkanda.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Taa ya ufunguo inazimika kama kawaida. Mshale wa mizunguko haukutikisika, mashine imeonyesha sifuri muda wote wa kupiga stata, na kodi P0335 ipo. Tulipofuata waya wa sensa, tulikuta umelalia bomba la moshi na ganda lake limeyeyuka. Je, nibadilishe sensa au niunge waya tu?

Jibu la kwanza

Shughulikia waya kwanza, kisha upime sensa kabla ya kuitupa. Kama ni ile ya sumaku na koili, yenye nyaya mbili za taarifa, ipime omu (ukinzani wake wa umeme) ikiwa baridi na tena ikiwa imepata moto, ukilinganisha na kipimo cha kitabu cha gari. Ikikatika kwa joto, ibadilishe. Kama ni ya nyaya tatu za aina ya Hall (inayohitaji kulishwa umeme ili ifanye kazi), usiipime kwa omu, bali hakikisha soketi yake inapata umeme wake, ambao kwa kawaida ni volti 5 au 12 kulingana na gari, pamoja na ethi (waya hasi) nzuri.

Sehemu iliyoungua ikatwe yote na iungwe kwa lehemu, si kwa kusokota na kufunga utepe. Waya huu mara nyingi huvikwa wavu wa chuma unaozuia kelele za umeme wa koili, kwa hiyo wavu huo nao uunganishwe tena na usigusane na nyaya za ndani. Mwishowe uufunge mbali na bomba la moshi, kisha, injini ikiwa inanguruma na imepata moto, uutikise taratibu kwa kijiti huku ukitazama mashine: idadi ya mizunguko ikiyumba, kiungo bado si kizima.