Mrejesho: breki ya diski iliyokuwa inalia, sasa imetulia

Wakuu habari zenu, nawaletea mrejesho wa ile breki ya diski ya mbele ya pikipiki yangu niliyouliza, ile iliyokuwa inapiga yowe kila nikikaribia kusimama ila nikiwa kwenye spidi kimya kabisa. Tatizo limeisha na asanteni sana, aliyesema nifungue kalipa (kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski) kwanza kabla ya kununua pedi mpya ndo kaniokoa, maana pedi bado zilikuwa nene ila uso umekuwa mgumu unang'aa kama kioo, na zile pini ambazo kalipa inatelezea zilikuwa zimekauka zina kutu kwa hiyo pedi moja ilikuwa inasugua diski muda wote hata breki nikiiachia.

Nilichofanya, nimepiga msasa pedi kidogo tu mpaka ule mng'ao ukatoka, nikafuta diski kwa spiriti, pini nikazisafisha nikapaka grisi ya silikoni inayovumilia joto. Hapo kwenye grisi kuweni makini jamani, isiguse kabisa diski wala uso wa pedi, na wale wanaoshauri kupuliza oili ili kelele iishe msiwasikilize, hiyo ni kutafuta kifo, breki haitashika.

Ukishafunga, pampu lever, yaani minya na kuachia mkono wa breki, mpaka iwe ngumu kabla hujaondoka, halafu ukiwa sehemu isiyo na magari shika breki taratibu mara kadhaa pedi zikae sawa na diski. Yangu ililia kidogo mwanzoni halafu ikanyamaza.