Nimpeleke mama kwenye mgahawa uliotuangusha, au nidai advansi yangu?

Mwali_wa_Ligula
Habari za humu ndugu zangu. Naomba ushauri, ikiwezekana wa haraka, shughuli ni mwisho wa mwezi.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Masasi, anatimiza 60 na kustaafu. Watoto tumechanga tumfanyie chakula cha usiku hapa Mtwara mjini, kwenye mgahawa mmoja wa bei ya juu (jina nalihifadhi). Mwaka jana mimi na mume wangu tulihudumiwa pale mpaka tukaona haya: mhudumu alileta samaki wabichi kwenye sinia tuchague wenyewe, akauliza pilipili iwe kiasi gani. Ndiyo maana advansi ya meza ya watu kumi niliilipa bila kusita.

Jumamosi tukarudi wawili tu kubadilisha hewa. Loh! Mezani bado kuna glasi za waliotutangulia, na ganda la ndimu limekaukia kwenye kitambaa. Tukaagiza kambakochi. Tumekaa mpaka njaa imetuchoka, akaja samaki aina ya changu, wa kukaanga, wa baridi. Namwambia dada hii siyo oda yetu, ananijibu "kochi imeisha", macho kwenye simu, utadhani mimi ndiye niliyeimaliza. Bili imeandikwa kwa mkono, ina soda ambazo hatukunywa, na chini wameongeza VAT. Nilipouliza, soda zikafutwa bila hata pole.

Mume wangu anasema nidai hela tuhamie kwingine. Dada yangu wa Dar anasema siku moja si ya kumhukumia mtu. Na hela ni ya mchango, siyo yangu peke yangu. Mngekuwa nyie?

Babu_Mikindani
Pole mjukuu wangu. Usiende usiku, usiku meneja anazima moto tu. Nenda saa nne asubuhi, ukae naye. Karatasi ya advansi unayo?

Mkorosho
Minada ya korosho imeanza, mji umejaa wanunuzi na madereva wa malori. Mwaka jana mlienda mwezi gani? Ila siwatetei. Kochi ikiisha mteja anaambiwa, haletewi changu kimyakimya.

Mwali_wa_Ligula
Aprili, mvua inanyesha. Kweli, tulikuwa karibu peke yetu.

Fundi_Kaunta
Dada, mimi nimebeba sinia hoteli mbalimbali. Cha kwanza uliza kama mpishi wa mwaka jana bado yupo. Mpishi akihama, wahudumu wazoefu humfuata, wanabaki vijana ambao hawajaelekezwa na mtu. Halafu watu kumi hawahudumiwi kwa menyu, kila mmoja na lake, jikoni patawaka. Chagueni vyakula viwili vitatu sasa hivi, muandikishane na saa ya kuleta mezani. Mkitaka pweza, angalieni iwe siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji yakiwa mafu, yanayopwa kidogo tu, mtaletewa wa kwenye friza kwa bei ileile.

Mlipa_Kodi
Mimi nimekwama kwenye hiyo bili ya mkono. Anayekukata VAT ya 18% lazima awe amesajiliwa, na lazima akupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye VRN, yaani namba yake ya usajili wa VAT. Bili siyo risiti. Kuna kodi yako hapo huenda haijafika TRA.

Mama_Tandahimba
Mnazungushana bure. Samaki wako Feri asubuhi, mpishi wa kukodi yupo, mikeka ipo. Chukueni hela yenu mpike nyumbani, mama ale na wajukuu wake, na kitakachobaki mfungashieni.

Mwali_wa_Ligula
Mama Tandahimba, nilianza na hilo. Mama mwenyewe kakataa! Kasema siku hiyo hataki kumwona mwanamke wa ukoo wetu amejifunga kanga kiunoni anakuna nazi, na yeye akiwemo.

Basi kesho asubuhi nakwenda na orodha yangu ya vyakula. Meneja akikubali kuandika na kusaini tunabaki, akileta longolongo nachukua hela.

Mama_Tandahimba
Hapo kwenye kanga nimenyamaza. Nendeni.

Fundi_Kaunta
Ulizia mpishi kabla hujataja hela.

Babu_Mikindani
Mjukuu, la karatasi ya advansi hujanijibu.