Mrejesho: kamera za chumba cha mbu sasa zinasoma saa ile ile

Ndugu zangu, habari za kazi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu kamera nne za mtandao tulizofunga kwenye chumba cha kufugia mbu, huku karibu na Tororo, mashariki mwa Uganda. Picha zilikuwa zinaganda usiku, na kila kamera ilikuwa na saa yake.

Aliyesema tuachane na Wi-Fi alilenga penyewe. Tumevuta kebo, hakuna inayofika mita 100 ambazo ndizo kikomo cha kebo ya mtandao, na swichi moja ya mtandao inapeleka data na umeme kwenye kebo hiyo hiyo. Picha hazigandi tena.

Saa ndiyo iliyonitesa. Umeme ukikatika, kamera mbili zilirudi tarehe 1 Januari 1970, ambako saa za kompyuta huanza kuhesabu, na zile nyingine zilipishana dakika saba. Anopheles, mbu wa malaria, anauma usiku wa manane. Sasa nikiwa na video mbili za tukio moja zisizokubaliana, nitamwonyesha nani data hiyo? Ilikuwa inaniuma kweli. Tumeweka kompyuta ndogo humo ndani, ina UPS yake (betri ya akiba), nayo inazipa kamera zote saa kwa NTP, yaani njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Alhamisi umeme ulikwenda mara mbili. Asubuhi nilikimbilia video kabla hata ya chai: zote zimelingana, sekunde kwa sekunde.

Nywila za kiwandani nimezibadilisha zote, na kamera hazijaunganishwa tena na intaneti.

Kilichobaki ni unyevu. Lenzi ya karibu na beseni la mabuu inashika ukungu, naifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Mwenye njia bora aniambie. Asanteni sana.