Fimbo na rili ya nzi kwa samaki wakubwa, mfuko mdogo: namba 8 au 10? Seti au kununua kimoja kimoja?

MvuviMgeni
Wakuu, salaam. Nimevua kwa nzi (wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana) miaka mitatu sasa, samaki wadogo tu, na fimbo namba 5. Mwezi uliopita kwenye mdomo wa mto nilinasa kitu ambacho hata mkia wake sikuuona. Kilivuta mshipi wote, kikaingia kwenye uzi wa akiba (ule mwembamba ulio chini ya mshipi), rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ikalia kama cherehani, halafu kimya. Kuvuta, fundo limefunguka. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri.

Nataka kupanda daraja. Ninaowalenga ni samaki wa kilo 4 hadi 10, maji chumvi na mito mipana, upepo karibu kila siku. Fimbo za kifahari siziwezi. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni seti kamili ya namba 8, fimbo, rili na mshipi ndani ya mfuko mmoja. Ya pili ni fimbo nzuri kiasi ya namba 8 (naangalia chapa kama Orvis, ile Clearwater yao, TFO na Redington), halafu rili yoyote ya bei ya chini. Ya tatu ni fimbo ya kawaida ya namba 10 na pesa nyingi ziende kwenye rili. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Chubwi
Kwanza tuelewane hiyo namba ni nini, maana wengi hudhani ni ukubwa wa samaki. Ni uzito wa mshipi. Mita 9 za mwanzo za mshipi namba 5 zina gramu 9 hivi, namba 8 zina 13.6, namba 10 zina 18. Kinachorushwa katika uvuvi huu ni mshipi, nzi anafuata tu. Kwa hiyo namba unaichagua kwa nzi utakayemfunga na upepo utakaokupiga, samaki anakuja baadaye.

Nzi wa urefu wa kidole, mwenye macho ya risasi (madini mazito ya kumzamisha), namba 8 inambeba bila shida. Nzi wa urefu wa kiganja kizima, manyoya yanayokunywa maji, hapo ni namba 10. Lakini usiichukue namba 10 "kwa usalama tu". Kuirusha kutwa nzima ni kazi, saa nne asubuhi bega litaanza kukuuliza maswali. Kwa kilo 4 hadi 10 kwenye maji ya wazi, namba 8 ya futi 9 inatosha. Ukiwa unavua kolekole wakubwa karibu na miamba, ambako samaki akipata mita tano tu amekukata, hapo tutazungumza namba 10 mpaka 12.

Nahodha_Kasa
Naungana na Chubwi kwenye namba 8. Kwenye pesa ninasema njia ya pili, fimbo kwanza. Samaki ambaye nzi hakumfikia hahitaji breki ya rili. Upepo wa usoni unataka fimbo yenye kasi, ile inayopinda karibu na ncha na kunyooka haraka, ndipo kitanzi cha mshipi, ule mkunjo wake ukiwa hewani, kinakuwa chembamba na kupenya. Fimbo legelege inafungua kitanzi kikubwa kama mlango, upepo unakirudisha usoni kwako.

Angalia pia mpini uwe mnene na chini ya rili kuwe na kile kitako kifupi cha kuegemeza tumboni. Namba 8 isiyo na kitako, iache.

Mama Ndoana
Nahodha, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe.

Kwa samaki wadogo rili ni ghala la mshipi tu, hata ukivuta kwa mkono samaki anakuja. Samaki wa kilo 8 anapigana na rili. Mimi nilifanya hiyohiyo njia ya pili ya mgeni wetu: fimbo nzuri, rili ya bei ya kutupa. Samaki wa kwanza wa maana alipoondoka, breki ikawa inashika, inaachia, inashika, inaachia. Nikajitia kuzuia kwa mkono, kishikio kikanipiga vifundo vya vidole, ukucha wa kidole cha shahada ukawa mweusi wiki mbili. Mara uzi ta! Nilipoifungua rili nyumbani, katikati ya visahani vya breki kulikuwa na mchanga na chumvi iliyoganda kama sukari guru.

Kwa hiyo usiangalie tangazo linasema breki inazuia kilo ngapi. Hakuna anayezihitaji zote. Kama uzi wako wa mbele, ule kati ya mshipi na nzi, unakatika kwa kilo 9, breki unaiweka kilo 2 au 3, basi. Cha kuangalia ni namna inavyoanza. Funga mshipi kwenye ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, vuta polepole. Mizani ikionyesha 3 kabla rili haijazunguka, kisha ikashuka ghafla hadi 1.5, rudisha rafuni. Ule mruko wa mwanzo ndio unaokata uzi. Rili nzuri inaanza kuzunguka kana kwamba imepakwa mafuta.

Na iwe breki iliyofungwa, maji yasiingie. Lamson Liquid ni mfano wa rili isiyo ya kifahari yenye breki ya koni iliyofungwa. Ninayo, nimeiangusha mara mbili, ukingo umechubuka na bado inafanya kazi.

MvuviMgeni
Asante Mama. Kuna hizi rili zenye kitovu kipana na zenye kitovu chembamba, pale katikati uzi unapozungushiwa. Ni urembo tu au kuna tofauti?

Mama Ndoana
Piga hesabu mwenyewe. Mzingo wa mshipi kwenye rili wenye kipenyo cha sentimita 10 unarudisha sentimita 31 kila ukizungusha. Wa sentimita 7 unarudisha 22. Samaki amekwenda na mita 100, huku unazungusha mara 320, huku 450, na kitovu chembamba kinazidi kuwa kibaya kadiri mshipi unavyopungua. Samaki akigeuka na kukimbilia kwako, hiyo tofauti ndiyo samaki mwenyewe. Chukua kitovu kipana, ilimradi uzi wa akiba mita 150 hadi 200 unaingia. Unaokatika kwa kilo 9 unatosha kwa namba 8.

Kibuyu
Wote mmesahau mshipi wenyewe. Rafiki yangu alinunua seti, fimbo ikawa "mbovu", akataka kuiuza. Nikamwazima mshipi wangu, akarusha mita tano zaidi fimbo ileile. Kwenye seti nyingi kitu cha kwanza kubanwa ni mshipi.

Mengine mawili. Watengenezaji wengi siku hizi wanauongezea mshipi uzito kupita namba iliyoandikwa, "namba 8" inakuwa na gramu za namba 9. Soma gramu kwenye boksi. Na angalia umetengenezewa joto au baridi. Mshipi wa maji ya joto ukiutumia kwenye baridi unajikunja kama springi, wa baridi ukiupeleka kwenye jua kali unalegea kama tambi zilizoiva, unang'ang'ania pete za fimbo.

Nahodha_Kasa
Mama, kwa hiyo mizani nimekubali, nimeipima rili yangu sasa hivi. Sisemi imeonyesha ngapi.

Lakini fimbo bado naitetea kwa jambo moja, dhamana. Fimbo za namba 8 zinavunjika. Nyingi hazivunjwi na samaki, zinavunjwa na mlango wa gari, au macho ya risasi ya nzi yakigonga kaboni ya fimbo wakati wa kurusha, kanaachwa kaufa kasikoonekana, siku ya samaki fimbo inakatika hapohapo. Orvis wanaidhamini Clearwater miaka 25, unalipa ada tu. Fimbo ya seti isiyo na jina, kipande cha ncha kikivunjika umenunua fimbo nyingine.

Na samaki akifika miguuni usiinue fimbo ikasimama wima. Inama, vuta kwa ubavu, acha sehemu nene ya chini ifanye kazi. Nimeona watu wazima wakivunja ncha na samaki yuko mita mbili.

Jongoo_wa_Pwani
Fimbo nunua iliyotumika. Rili nunua mpya. Fimbo unaikagua kwa macho: pitisha pamba ndani ya kila pete, ikinasa nyuzi kuna mkwaruzo utakaokula mshipi. Unganisha vipande, tikisa, sikiliza kama maungio yanagonga. Rili iliyotumika huwezi kujua imezama baharini mara ngapi.

Chubwi
Hii ya Jongoo imemaliza ubishi wa Nahodha na Mama kwa nusu. Kasoro yake ni kwamba dhamana nyingi zinamfuata mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo uliza kabla. Mwenzetu mgeni, hata hiyo rili iliyofungwa isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, kwa mtiririko mdogo. Maji ya kasi yanasukuma chumvi ndani. Na legeza breki kabla ya kuiweka kabatini, visahani visikae vimebanwa.

MvuviMgeni
Nimekata shauri. Seti nimeiacha. Namba 10 nimeiacha mpaka nitakapokuwa na sababu. Nimepata fimbo namba 8 iliyotumika, futi 9, vipande vinne, yenye kasi ila si ile ngumu kama ufagio. Pamba imepita pete zote isipokuwa ya ncha, nikapunguziwa bei, nitaibadilisha, ni gundi na moto kidogo. Rili mpya, breki iliyofungwa, kitovu kipana. Mizani ilianza 1.4, ikatulia 1.2. Mshipi wa maji ya joto, gramu 14.

Kilichobaki ni kuzoea uzito. Jana uwanjani nilijipiga mgongoni kwa nzi mara tatu, nashukuru nilikuwa nimemkata ndoana.

Mama Ndoana
1.4 kwa 1.2 ni nzuri sana. Sasa turudi kwa yule samaki wa kwanza. Ulisema fundo lilifunguka. Ulililowesha kwa mate kabla ya kulikaza?

MvuviMgeni
Hapana, Mama.

Mama Ndoana
Fundo kavu halikazi mpaka mwisho, na nailoni inaungua kwa msuguano. Lowesha, vuta polepole mpaka mizunguko ilale ubavu kwa ubavu, halafu ncha ya ndoana ichomeke kwenye kipande cha mbao na uvute kwa nguvu zako zote ungali nchi kavu. Fanya hivyo mara ishirini usiku wa leo.

MvuviMgeni
Nimefunga kumi na moja. Manne yamefunguka.